Nilivyobaki na cherehani yangu mabuibui ya Dubai yalipojaa Chake Chake

Mimi ni fundi wa kushona mabuibui hapa Chake Chake, Pemba. Ya tayari kutoka Dubai yalipojaa madukani, kila aliyenionea huruma alinipa ushauri ule ule: uza cherehani, agiza marobota ya mabuibui kutoka Dubai, ukae uuze. Ni watu wanaonipenda, lakini walinishauri vibaya na nawaambia hivyo mpaka leo. Duka la nguo za tayari linataka mtaji, fremu ya barabarani, na moyo wa kushindana na mwenye mtaji zaidi yako. Mimi nilikuwa na ufundi wa miaka mingi, niutupe wapi?

Tena buibui la tayari lina kasoro yake. Linakuja kwa namba, 52, 54, 56, 58, na namba hiyo ni urefu kwa inchi. Mwanamke mfupi mwenye mwili akivaa la urefu wake linambana kifuani. Akichukua linalomtosha kifua analiburura. Basi nikaanza na hayo hayo ya Dubai: kukata chini, kupunguza mikono, kutoa mabega. Kazi ndogo, pesa ya papo hapo.

Lakini Pemba msimu wa karafuu ukipita mifuko hukauka, na ndugu zetu wenye kipato cha kila mwezi wako Unguja, Dar es Salaam na Muscat, Oman. WhatsApp ilinifikisha kwao kirahisi. Kilichonitesa ni vipimo. Mtu akijipima mwenyewe futi inapanda mgongoni, inalegea kiunoni, na namba anazotuma hazimfai yeye wala mdogo wake. Akipimwa na mumewe ndiyo balaa kabisa.

Nikaacha kumpima mtu, nikapima nguo yake. Namwambia: "Shoga, chukua buibui linalokukaa vizuri kuliko yote, lipige pasi, litandaze sakafuni bila kulivuta. Weka juu yake, katikati, karatasi nyeupe ya A4. Panda kiti, simu iwe juu sawasawa, upige picha." Karatasi hiyo ni ile ile Chake na Muscat, urefu wake sentimita 29.7. Naipeleka picha kwenye duka la kuchapisha, kijana anaikuza au kuipunguza mpaka karatasi iwe na sentimita 3, kisha anachapa. Hapo kila sentimita moja ya picha ni 9.9 za kweli. Naweka rula: urefu wa nguo ukitoka 14.2, ni karibu sentimita 141, yaani inchi 55 na kidogo. Kifua napima kwapa hadi kwapa, nazidisha mara mbili.

Kuna na hila ya kumkamata aliyepiga picha upande. Naangalia pande za karatasi zinazotazamana, fupi kwa fupi na ndefu kwa ndefu. Moja ikitoka ndogo kuliko ya pili, simu ilikuwa imeinama, na picha narudisha hata akinuna. Pia sipokei picha ya nguo iliyovaliwa mwilini. Inapendeza, ila haipimiki.

Buibui la kwanza kwenda Muscat kwa njia hii lilimkaa mwenyewe pasi na kuongezwa uzi. Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema. Dada zake wakafuata, kisha sare nzima ya harusi.

Mota ya cherehani nimefunga, maana umeme wa Tanga unatufikia kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, lakini miguu yake sijaing'oa. Ukikatika siku mbili kabla ya Iddi mteja hataki kusikia habari ya umeme. Nguo za Unguja zinakwenda kwa boti kutoka Mkoani, za Oman nampa msafiri ninayemjua. Bei yangu inazidi ya dukani, pengine kwa theluthi, kutegemea kitambaa cha nida na urembo, na walionishauri nishuke sikuwasikiliza. Arbuni, yaani malipo ya kutangulia, ni nusu, na mkasi haugusi kitambaa kabla haijaingia kwenye simu, hata mteja akiwa dada yangu wa tumbo moja.