Vichezeo vya uani: mvua ya Bristol, jua na chumvi ya Amu

Kila pipa ninalotuma nyumbani Amu (Lamu) halikosi vichezeo ambavyo umri wa wanangu umeshavipita: baiskeli ya magurudumu matatu, vigari vya kusukuma, ndoo na makoleo ya mchangani, bembea. Hushuka Mombasa, vikapanda basi hadi Mokowe, kisha vikavuka kwa boti. Nataka vidumu, maana wanaovingoja ni wana wa dada zangu, na nyuma yao wako wadogo zaidi.

Hapa Bristol, Uingereza, adui ni unyevu. Kichezeo kikilala bustanini msimu wa baridi hufanya ukijani, na pembeni huota kuvu nyeusi. Baridi ikipungua, wazazi hutoka na maji moto, sabuni ya vyombo na brashi, wakasugua, wakasuuza, wakaanika. Penye kuvu hupakwa jiki iliyozimuliwa kwa maji, kisha husuuzwa sana. Jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa ya sumu.

Kwetu sabuni ni hiyo hiyo, ila sababu za kuosha ni nyingine. Inayonitia hofu kuliko zote ni maji yaliyotuama. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, iliingia Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Aliyeugua hayasahau yale maumivu ya viungo. Mbu wake, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hahitaji birika zima. Ndoo ya mchangani inamtosha, kiti cha kigari kinamtosha. Kwa joto la pwani, yai huweza kuwa mbu kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo.

Na kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hubandika mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Kwa hivyo dada zangu, isugueni ndoo ndani kwa brashi kila wiki, kisha muifudikize. Vibata vya mpira vyenye tundu chini nimeacha kuvituma kabisa: maji yakishaingia hayatoki yote, na ndani huota kuvu ambayo brashi haiifikii.

Jua nalo. Plastiki inayokaa juani msimu wote wa kaskazi hupauka, hukauka, halafu hupasuka, na hakuna sabuni itakayoirudishia nguvu. Kivuli ndiyo dawa yake: dakani, chini ya ngazi, popote. Kama una mtelezo wa plastiki, uguse kwa kiganja kabla mtoto hajaukalia, hasa adhuhuri.

Chuma huliwa na chumvi ya upepo wa bahari, hata kwa baiskeli isiyokanyaga ufukweni. Maji ya visima vya Shela si ya kumwaga ovyo, na hapa hayahitajiki mengi. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, yasiyo na chumvi, hutosha kupangusa mnyororo na skrubu. Vikikauka, tia matone machache ya oili ya cherehani, kisha pangusa iliyozidi, la sivyo mchanga utanata na kusaga mnyororo. Minyororo ya bembea itazamwe pale juu inaponing'inia, ndipo inapolika kwanza.

Magurudumu yanayozunguka vichochoroni mwa mitaa ya Mkomani na Langoni hurudi na kinyesi cha punda. Yaoshwe kwa sabuni kabla ya kuingia ndani, na mikono ya mtoto pia. Chanjo ya pepopunda isirukwe, kwani watoto hawa hawaachi kuchubuka magoti.

Kilichopasuka kitolewe, ukingo wake hukata. Msikichome uani, moshi wa plastiki ni sumu. Afadhali kiende kwa wanaokusanya taka za plastiki. Jahazi la Flipflopi lililoshushwa majini hapo Lamu 2018 liliundwa kwa taka kama hizo. Mkishatenga vibovu, nitumieni picha, nijue cha kutafuta kabla sijalifunga pipa lijalo.