Krismasi ya Mpwapwa kwenye laptopu ya mwaka 2012

Mjomba alinipigia simu Jumapili mchana. "Mwanangu, sauti tunayo, picha hamna. Tumekaa hapa ukoo mzima tunasikiliza redio."

Nianze mwanzo.

Krismasi iliyopita tulikwenda Mpwapwa kwa bibi. Wote, na wajukuu, na vitukuu, basi kutoka Dodoma hadi Mbande, halafu kukata kulia kuelekea Kongwa na mbele. Mvua zilikuwa zimeanza, Ugogo wote kijani, na usiku wa kwanza kumbikumbi walitoka ardhini hata watoto wakasahau kula. Simu tatu zilirekodi kila kitu: yangu, ya mdogo wangu wa kiume, na ya binti wa mjomba. Niliporudi mjini nilikuwa na klipu 174, jumla GB 31, zaidi ya saa tatu. Na nilikuwa nimeshaahidi, kwa mdomo wangu mwenyewe na mbele ya mashahidi, kwamba nitazifanya filamu moja ya robo saa, niiweke kwenye flashi, niitume kwa bibi.

Mimi nina stesheneri ndogo Nkuhungu. Fotokopi, kuprinti, barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti. Laptopu ya dukani ni ya mtumba, ya mwaka 2012: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, hadidiski inayokwaruza kama panya darini. Betri ilishakufa siku nyingi, ukichomoa waya imezima. Kwa kuandika CV za vijana inatosha na chenji inabaki. Sikuwahi kuidai zaidi ya hapo.

Klipu zangu zilifunguka vizuri tu. Za mdogo wangu ndizo zilizonionyesha kazi. Simu yake ni ya kisasa, inarekodi 4K. Bibi anasonga ugali wa uwele, mwiko unasimama hewani, sauti inaendelea, sekunde nne baadaye mwiko uko upande wa pili wa sufuria na bibi ameshageuka. Fundi wa jirani, kijana ambaye nikimchapia ankara zake ananihudumia bure, ndiye aliyenieleza. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani picha nne za 1080p, ile HD ya kawaida, zimebandikwa pamoja. Juu ya hapo, simu yake hubana video kwa mbinu iitwayo H.265, na prosesa ya umri wa hii yangu haina sehemu maalumu ya kuifumbua. Intel walikuja kuiweka hiyo vizuri kwenye kizazi cha sita, mwaka 2015. Yangu inalazimika kufumbua kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa nguvu zake zenyewe, na fremu ni 30 kila sekunde, kama kutwanga unga wa harusi kwa kinu kimoja. H.264 ya simu yangu, mbinu ya zamani zaidi, inaiweza kwa sababu hiyo imezaliwa nayo.

Akanishauri ninunue laptopu nyingine. Nikamwambia anitajie ushauri wa pili.

Wa pili ulikuwa RAM nyingine ya GB 4 na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 120, ndogo kabisa, ndiyo niliyoiweza. Hadidiski ya zamani akaitia kwenye kasha la USB ikawa ghala la video zenyewe. Akaondoa na Windows 10, maana mashine ya umri huu haipokelewi kwenye Windows 11, akaweka Linux Mint. Alipofungua chini kuisafisha feni alitoa vumbi la kujaza kizibo cha soda. Vumbi la Dodoma nalijua, nalifagia kutwa mara tatu, lakini kulikuta limejibana kwenye vyuma vya kupozea hivyo, kama sufi, niliona aibu. Kumbe joto likizidi prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Miaka yote nilidhani ni uzee.

Halafu ndipo nikajifunza kuipikia uji. Mtoto asiye na meno humpi nyama choma. Programu inaitwa ffmpeg, haina madirisha wala vitufe, unaandika mstari mmoja wa maneno na inakwenda. Nikaiagiza ichukue klipu zote za 4K na kuzitoa zikiwa 1080p, H.264, fremu 30 kwa sekunde zisizopanda wala kushuka. Hilo la fremu msilidharau. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri ya mwanga, na kanisani kulikuwa na giza la mawingu, kwa hiyo kwenye meza ya kuediti ngoma ya kwaya ilikuwa inalia kabla mkono haujashuka. Nilidhani masikio yangu.

Klipu za mdogo wangu zilikuwa dakika tisini hivi. Nilifunga duka saa mbili usiku, nikaiinua laptopu juu ya vikopo viwili vya maziwa ipate hewa chini, nikabonyeza, nikalala. Umeme ukakatika saa nane. Asubuhi nikakuta klipu ya kwaya, ile ndefu ya dakika ishirini na mbili, imeandikwa karibu yote na haifunguki. Faili la MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Likikatizwa kabla ya hapo unabaki na gunia lililojaa na halina mdomo. Tangu siku hiyo kazi za katikati natoa kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, maana hiyo hata ikikatizwa, kilichokwisha andikwa kinachezeka.

Kuediti kwenyewe nilitumia Kdenlive, ni ya bure. Ukiiambia itengeneze proksi, inakutolea nakala nyepesi za kila klipu, mimi niliweka upana wa pikseli 640. Unakata na kupanga kwa hizo nyepesi, na siku ya kutoa filamu inazirudia zenyewe nzito bila wewe kugusa kitu. Manjonjo sikuweka. Zile picha zinazogeuka kama ukurasa na kuingia kwa umbo la moyo nawaachia watu wa video za harusi, wao wanalipwa kwa moyo.

Saa tatu kuzifanya robo saa kunahitaji ukatili. Nikajiwekea kanuni: sekunde ishirini za mwanzo za kila klipu, nje. Mwanzoni mwa klipu hakuna kitu, nilijiambia. Mtu anafuta kioo cha simu, mwingine anauliza "inarekodi?", watu wanaingia uani wanasalimiana. Nikakata zote. Filamu ikatoka dakika kumi na nne, safi, inakimbia. Nilijiona fundi. Na kwa kuwa SSD ilikuwa imejaa hadi mlangoni, nikafuta MKV zote za mdogo wangu.

Kuitoa nilikuwa nimechagua H.265, kwa kuwa faili lilikuwa dogo. Mimi, niliyeteswa na H.265 wiki tatu! Flashi nikampa kondakta, na Jumapili ndipo mjomba akapiga. Runinga yake inatumia sola na ni ya zamani kama laptopu yangu, H.265 haiijui kabisa. Bahati filamu yenyewe ilikuwa bado kwenye diski, nikaigeuza H.264, 720p, ikawa chini ya GB 1. Fundi akanikumbusha flashi ibaki kwenye mpangilio wa FAT32, runinga nyingi za zamani huisoma hiyo bila maswali. Mpaka wake ni kwamba faili moja lisifike GB 4, na mimi huko sikukaribia. Kondakta yuleyule.

Safari hii alipiga bibi mwenyewe. Bibi hapigi simu, hupigiwa. Nikajua kuna jambo.

Aliniuliza afya, watoto, duka, mvua ya Dodoma. Nikajibu yote. Kisha akasema filamu ameiona mara mbili, picha nzuri, lakini kuna jambo limemkera. "Mjukuu wangu, hawa watu wote wanaingia nyumbani kwangu hakuna hata mmoja anayesalimia. Wanaingia kama kuku. Shemeji yangu katoka Kibakwe kuja kuniona, kaingia, kakaa, kala. Majirani waliokuja kutazama wameniuliza kama tuligombana."

Nilitaka kumweleza habari ya sekunde ishirini. Nikaona nitazidisha kosa.

Kdenlive haiharibu klipu yenyewe, inaandika tu wapi pa kuanzia na wapi pa kuishia, kwa hiyo salamu zangu na za binti wa mjomba nilizirudisha kwa kuvuta ncha ya klipu, jioni moja. Za mdogo wangu, yenye shemeji wa Kibakwe ikiwemo, zimebidi zitoke ghalani na kupikiwa uji upya, usiku mzima mwingine. Nilipozitazama safari hii kwa utulivu, shemeji anaanza "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akiwa bado nje ya boma, na mpaka afike kwenye kigoda wameshamaliza mifugo yote, mmoja mmoja, na wagonjwa wawili.

Filamu sasa ni dakika ishirini na tisa. Naandika haya saa nne na nusu usiku, laptopu iko juu ya vikopo vyake, feni inanguruma, imefika asilimia 34. Luku imebaki yuniti tatu.