Mwanamke juu ya ngazi

Leo mchana nimekutana na picha moja ya mwaka 1904, na mpaka sasa haijanitoka kichwani.

Ni St. Louis, Marekani, kwenye maonesho makubwa ya dunia. Mwanamke amepanda ngazi ndefu, na kamera yake kubwa ya sanduku iko juu huko pamoja naye.

Amevaa sketi ndefu!

Ndiye Jessie Tarbox Beals. Mwaka 1902 aliajiriwa kuwa mpiga picha wa gazeti katika mji wa Buffalo, enzi ambazo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Baadaye akahamia New York, akawapiga picha watoto wa mitaa ya maskini iliyosongamana, na wasanii wa Greenwich Village, mtaa wa jiji hilo hilo.

Ile sketi ndiyo inayonishika. Picha zilinaswa kwenye vioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Ukiteleza kipandio kimoja tu, kazi yote imepotea. Naye akapanda.

Inaniuma kwamba alifariki mwaka 1942 akiwa hana kitu.

Marafiki, miji yetu inabadilika kila siku. Ni kona gani mngependa ipigwe picha kabla haijabomolewa? Niandikieni hapa chini, nitasoma zote.