"Wa kike au wa kiume?"

Swali hili limetukaa kichwani wiki nzima. Kongowea, Mwembe Tayari, masoko yetu ya Mombasa, popote penye meza ya vitu vya watoto, muuzaji huanza nalo. Akishajibiwa, mkono wake wajua pa kwenda: wanasesere na vijisufuria huku, magari na bastola kule. California, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika 2024, ya kuyataka maduka makubwa yatenge sehemu ya vitu vya watoto isiyobagua jinsia. Ni hatua njema, ila meza zetu hazina sehemu za kutenga. Heri muuzaji aulize, "Ana miaka mingapi, na apenda kufanya nini?"

Fundi naye hupaka gari rangi ya waridi akadhani amemaliza. Gari lahamia tu upande wa pili wa meza. La maana ni kuchanganya kazi ndani ya mchezo mmoja: kubeba, kupika, kulea, kuendesha. Mfano uko Likoni, kivukoni Mombasa, waelea kila siku.

Feri ya mbao, basi. Ubao wa mwembe, sentimita 40 kwa 16, uliokauka hasa, mbichi hupinda. Milango ya kupandia iwe miwili, mmoja kila ncha, kama feri yenyewe. Ukiwa mmoja, mtoto aliyewahi kuushika ndiye nahodha mpaka magharibi, na wenzake watazamaji. Bawaba ziwe za turubai, kwani za chuma hubana vidole. Magurudumu ya lori na mkokoteni wa kuvushwa humo yakatwe kwenye ndara kuukuu, upana sentimita 5, yashikwe kwa vijiti; misumari hulegea ikaishia mdomoni. Kwa walio chini ya miaka 3, chochote kinachopita kwenye tundu la milimita 31.7 kiondolewe.

Abiria wanane, urefu sentimita 7, unene 4.5, wasichorwe nyuso. Leso, kanzu, buibui na kofia ya nahodha vishonwe kwa lastiki, vivalike na kuvulika. Hapa ndipo penye roho ya kazi yote: kofia ikigundishwa kichwani, fundi ameshaamua nani aendeshe. Ikivulika, mwenye leso ashika usukani, mwenye kanzu akoroga pilau. Na hilo Pwani si geni. Masufuria makubwa ya harusini hukorogwa na wanaume. Kwa hiyo jiko na sufuria visikose ndani ya feri, na vipakwe rangi ileile ya lori.