Siku moja maishani mwangu: lita 260 zilizopotea Timboroa

Saa 12 asubuhi nilikula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili, nikapanda boda hadi kiwandani, nje kidogo ya Jinja. Tunakeneka ethanoli, yaani pombe, kutokana na molasi ya miwa.

Saa 1, makabidhiano ya zamu. Kijana aliyekuja mafunzoni alishika jedwali: ethanoli huchemka kwa nyuzi 78.3, mbona juu ya mnara wa kukenekea tunasoma 75? Akataka tuongeze mvuke. Mzee wa zamu ya usiku alicheka tu. Jedwali ni la usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu yake, na hapa hata maji huchemka kwenye 96 hivi. Tungeongeza mvuke, maji yangepanda pamoja na pombe.

Saa 3, watu wa mauzo: tukiongeza trei tano (sahani za kutenganishia pombe na maji) mnarani, tutafika usafi wa asilimia 99? Programu ya kukokotoa mnara ukiiambia kwamba pombe na maji ni mchanganyiko mtulivu, kana kwamba molekuli zote zinafanana, itakujibu ndiyo, mnunue vyuma visivyosaidia kitu. Nikatumia modeli ya NRTL, ya Renon na Prausnitz, 1968, inayozingatia jinsi molekuli zisizofanana zinavyovutana. Hesabu ikagota karibu na asilimia 95.6 kwa uzito. Hapo mvuke na kimiminika huwa na kiwango kilekile cha pombe, hata uweke trei mia. Niliwajibu kwa mistari miwili. Maelezo marefu hawasomi.

Saa 7, posho na maharage bado mdomoni, simu ikalia. Dereva wetu, yuko Nairobi.

"Injinia, wananiita mwizi! Eti lita 260 hazipo!"

"Pole, kaka. Ulilala wapi?"

"Timboroa, kule milimani Kenya. Baridi ya kukata mifupa."

Tulimpakia lita 30,000 zikiwa na nyuzi 30. Wapokeaji walipima kwa 22. Kila nyuzi moja ikishuka, lita 1,000 za ethanoli husinyaa kwa lita 1.1 hivi. Zidisha mwenyewe. Kwenye hati niliandika joto na uzito wa ujazo, ila mpokeaji alitazama lita tu. Nikamwambia adai gari lipimwe kwenye mizani, maana kilo hazijui baridi.

Saa 11 jioni akanitumia picha ya risiti ya mizani. Kilo zimetimia. Kisha akauliza: "Sasa nikipakia alfajiri nikashusha mchana wa jua kali, ziada ni ya nani?"

Huyu ndiye angefaa kuja mafunzoni.