Asilimia 99 haitoshi: nilivyofuata kivuli cha Mwezi

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu kutazama kupatwa kwa Jua ndio uliokuwa mbovu kuliko wote: "Ya nini kusafiri? Hapo ulipo Jua litafunikwa asilimia 99." Ile asilimia moja inayobaki ina mwanga mara elfu nne kuliko Mwezi mpevu, na korona, ule mwanga mweupe hafifu unaolizunguka Jua likifunikwa lote, kwa jumla inang'aa kama Mwezi mpevu tu. Penye asilimia 99 huioni korona. Unaona mchana uliofifia, basi.

Wa pili ulikuwa na sura ya kisayansi. Kwa kupatwa kwa tarehe 8 Aprili 2024, rekodi za mawingu za miaka mingi zilielekeza Meksiko na Texas, nami nikalipia chumba Texas mapema, tena kisichorudishiwa hela. Siku chache kabla, utabiri ukageuka: mawingu Texas, na anga safi kule Vermont na Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako rekodi hizo hizo zilitukataza hata kufikiria. Hela za chumba nikaziaga, nikashika barabara ya Arkansas, jimbo jirani.

Hapo hesabu ya duara ndiyo iliyoniokoa. Wengi hung'ang'ania mstari wa katikati wa njia ya kivuli, ule ukanda ambao Jua hufunikwa lote, kana kwamba nje yake hakuna kitu. Kivuli kinakaribia kuwa duara, na muda wako wa giza ni urefu wa mstari unaolikata duara hilo kupitia uliposimama. Ukiwa nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni, bado una asilimia 87 ya muda: penye dakika 4, wewe unapata 3 na sekunde 28 hivi. Ukifika robo tatu unabaki na asilimia 66, na kutoka hapo ni kuporomoka. Kwa hiyo nilitafuta anga safi kwanza, barabara mbili za kutokea pili, mstari wa katikati mwisho.

Mawingu nayo yana tabia. Yale ya mabonge hulishwa na joto la ardhi. Jua likipungua, mengi hunyauka yenyewe, msiyakimbie. Yale membamba ya juu hayatoki, ila korona huyapenya. Utando mzito wa chini ndio wa kuwashia gari.

Sasa aibu yangu. Giza lilipoingia, saa nane kasoro dakika kumi hivi, miwani ya kutazamia Jua nikavua, kamera nikaibonyeza mfululizo, na kila picha ikatoka nyeusi tii. Chujio, kile kizuizi cha kupunguza mwanga wa Jua, lilikuwa bado mbele ya lenzi! Chujio hilo hupitisha sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga, na korona haina mwanga wa kugawa hivyo. Nikalichomoa kwa pupa, mkono ukagusa pete ya kulengea, korona ikawa ukungu. Zaidi ya nusu dakika imekwenda. Siku hizi pete naifunga kwa utepe mara nikishailenga vizuri kwenye ukingo wa Jua, na simu inapiga kengele sekunde 20 kabla ya giza: chujio nje. Kisha tundu la lenzi f/8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 200, na muda wa picha kuanzia 1/1000 ya sekunde kwa zile ndimi nyekundu za ukingoni hadi sekunde 1 kamili kwa korona ya mbali. Chujio hukaa mbele ya lenzi, kamwe si nyuma penye jicho, kwa sababu huko joto limeshakusanywa na kioo hupasuka.

Kumbe hata tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, ina mahali pake. Kwa kupatwa kwa Hispania, 12 Agosti 2026, ni saa za jioni na Jua limeinama: ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, kwa hiyo pima kilima kilicho mbele yako siku moja kabla, saa ile ile. Kwa kule Luxor, Misri, 2 Agosti 2027, giza linazidi dakika 6 na Jua liko karibu utosini. Kichwa cha tripodi yangu ya Arkansas hakiinuki hadi huko juu.