Nilivyopungua kilo 14 huku nyumba nzima tukila chungu kimoja

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni mafuta ya kupikia. Sikuanza na gym, sikuruka mlo wa usiku, wala sikununua unga wowote wa kukoroga na maji. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili. Dumu la mafuta la lita 5 lilikuwa haliuvuki mwezi. Ukiligawa kwa watu watano na siku 30 unapata mililita 33 kwa kila mtu kila siku, na hapo yumo mtoto wa darasa la pili. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au sukari ina 4. Maana yake kila mmoja wetu alikuwa anapata kama kalori 275 kwa siku kutoka kwenye dumu peke yake, nazi bado, chapati na sambusa za njiani bado.

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo, ghorofa ya tatu. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi naingia kwenye kiti, jioni nanyanyuka, na katikati hapo kinachotembea zaidi ni mguu wa kukanyagia mashine. Kichwa kilikuwa kinaniuma mara kwa mara, nikaenda kupima. Presha ilikuwa 148 kwa 94. Sukari, kabla sijala chochote, ilikuwa 6.4. Uzito kilo 91, urefu sentimita 160. Daktari akachukua uzito, akaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 35.5. Akanieleza kwamba kuanzia 25 mtu ana uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Sukari yangu ilikuwa bado haijawa kisukari, kwa sababu kisukari huhesabiwa kuanzia 7, lakini ilishavuka mstari wa kawaida.

"Mama, hujachelewa," aliniambia. Halafu akanipa habari ambayo ndiyo iliyonisimamisha. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya kupanda kama yangu. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya kawaida kama kutembea, dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwangu mimi asilimia 7 ni kilo sita na nusu tu. Nilikuwa naingoja hesabu ya kilo 30, kumbe safari ya kwanza ni fupi vile. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu, presha ikikataa kushuka tutaanza dawa.

Nilishaona jinsi wanawake wenzangu wanavyofanya "diet". Mtu anapika ubwabwa na mchuzi wa familia, kisha anajichemshia yeye matango na yai. Wiki ya pili anachoka, wiki ya tatu amerudi kwenye sinia. Simlaumu. Kupika mara mbili ni gesi mara mbili na muda mara mbili, na kukaa pembeni na kibakuli chako wakati wenzio wanakula pamoja ni upweke mkubwa. Tena mume wangu ana tumbo, mama mkwe ana presha ya siku nyingi na magoti yanamsumbua, watoto wanakua. Nani kati yao alikuwa anahitaji yale mafuta? Nikaamua chungu kibaki kimoja, kibadilike chenyewe.

Shida ni kwamba chungu kina mwenyewe. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na mchuzi wake unasifiwa mtaa mzima. Huwezi kuingia jikoni kwake ukaanza kutoa amri. Nilimwendea kwa heshima, nikamwambia alivyosema daktari, kisha nikaomba.

"Mama, naomba leo tuweke tui la pili, na la kwanza tulipunguze nusu."

Akanitazama. "Samaki bila tui zito? Haya, lakini ndimu na tangawizi usizionee huruma, mwanangu. Usije ukatulisha maji ya kuoshea."

Na hapo ndipo nilipopata mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyejua jinsi ya kuutoa utamu mahali pengine. Mchuzi wetu wa sasa unapikwa hivi. Mafuta yanapimwa kwa kijiko kikubwa, kijiko kimoja na nusu kwa sufuria nzima, hayamiminwi kutoka kwenye dumu. Vitunguu vinaingia na chumvi kidogo mapema ili vitoe maji yake, unafunika, moto mdogo. Vikianza kushika unanyunyizia maji kidogo, si mafuta. Vinakuwa vya kahawia taratibu, na hapo usiwe na haraka, ndiyo ladha yenyewe. Halafu kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, bizari, nyanya nyingi. Zinakaangwa mpaka ziwe rojo na harufu ya ubichi iishe. Tui la pili linafuata, mchuzi unachemka, samaki anaingia. Vibua hatuwakaangi tena kwanza, tunawachoma kwenye wavu na ndimu na pilipili, na ule moshi wa mkaa unaingia mchuzini. Mwisho kabisa ndiyo nusu kikombe cha tui la kwanza, unakoroga mara moja, unaepua. Mume wangu alikula mara kadhaa bila kujua kuna kilichopungua.

Chumvi nayo ilishuka, kwa ajili ya presha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyojificha kwenye vikolezo vya mchemraba. Hivyo vya mchemraba tuliacha kununua.

Sahani niliipanga kwa macho: nusu mboga, robo wanga, robo maharage au samaki au dagaa. Ugali wangu ni ukubwa wa ngumi yangu. Mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu ni vitu vya bei ya chini, vinapatikana kila genge, na vinashibisha. Nasema hili kwa sababu nasikia sana kwamba kula kwa afya ni kwa wenye pesa. Kwangu bajeti ya jikoni ilipungua. Choroko na dagaa ni rahisi kuliko nyama, na mafuta tunayanunua mara chache zaidi.

Sukari ilikuwa vita ya polepole. Nilikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Hiyo ni gramu 36 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku. Nilishusha kijiko nusu nusu, nikiacha ulimi uzoee kabla ya kushusha tena, na nikazidisha iliki, mdalasini na tangawizi. Sasa nakunywa bila sukari na naisikia chai yenyewe. Soda niliiacha mara moja. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, na haikushibishi hata kidogo. Juisi ya ukwaju au embe iliyotiwa sukari nayo niliiweka fungu hilo hilo. Embe lenyewe nalila.

Mchana kazini tunakula kwa mama ntilie. Hapa watu wengi huniambia, "Mwenzetu unapika mwenyewe, sisi tunakula nje tufanyeje?" Ongea naye. Nilimwambia, "Dada, nipunguzie wali nusu, uniongezee mchicha na maharage, na mchuzi niwekee wa pembeni." Bei ni ile ile, na yeye hapati hasara. Baada ya muda akawa anaijua sahani yangu, na mafundi wengine wakaanza kuagiza "kama ya fundi".

Kutembea nilikupachika kwenye safari ya kazini, maana muda wa ziada sina. Napanda mwendokasi Kimara, lakini sifiki nayo mwisho. Nashuka Magomeni Mapipa, nabadilisha viatu, navaa raba, nakata Jangwani kwa miguu mpaka Kariakoo. Ni kama nusu saa kwa mwendo wa kuhema kidogo lakini bado unaweza kuongea. Siku tano za kazi zinatimiza zile dakika 150. Mvua za masika zikija Jangwani hujaa maji, basi nafika na gari mpaka mwisho na zamu yangu inakuwa ngazi: nateremka na kupanda ghorofa zote tatu mchana, kwa mizunguko. Mwanzoni nilikuwa nasimama ghorofa ya kwanza kuvuta pumzi. Hilo ndilo badiliko nililoliona kabla hata mzani haujasema kitu.

Mzani napanda Jumamosi asubuhi, sijala, nguo nyepesi zile zile. Kila siku usipande, utajitia wazimu. Maji ya mwilini, chumvi ya jana, siku za hedhi, vyote vinaweza kukuongezea kilo moja au zaidi ambayo si mafuta hata kidogo. Kuna kipindi mzani uliganda kwa wiki kadhaa, na kilichonitia moyo ni futi ya kazi yangu. Kiuno kinapimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, umetoa pumzi, futi isibane. Kwa mwanamke, kuvuka inchi 35 ni ishara ya hatari kubwa kwa moyo na kisukari. Nilianza na 43. Wakati mzani umeganda, futi ilishuka inchi nzima. Fundi hadanganywi na futi yake, na magauni yangu nimeyabana mwenyewe pembeni zaidi ya mara moja.

Ramadhani niliiogopa. Watu hudhani mtu anayefunga anapungua, lakini futari ya kwetu ina mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na sambusa mezani kwa wakati mmoja. Tulipanga upya: tende tatu na maji, bakuli la uji wa pilipili manga, kisha tunaswali magharibi. Ukirudi kwenye mkeka ile njaa ya kukimbilia chakula imetulia na unakula kwa akili. Kaimati zilibaki za Ijumaa. Daku ikawa maharage, viazi vitamu au ugali wa dona, vitu vinavyokaa tumboni. Mwezi ukaisha nimepungua kidogo, na sikukosa utamu wa futari.

Maneno ya watu yaliniumiza kuliko njaa. Kilo za mwanzo zilipoondoka nikaanza kuulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Wengine walimuuliza mume wangu kama nyumbani kuna amani. Kwetu mwili mkubwa bado unasomwa kama raha, na kupungua kunasomwa kama maradhi au dhiki ya ndoa. Nilichagua jibu moja na sikulibadilisha: "Nilikuwa na presha, sasa inashuka, alhamdulillahi." Mara nyingi aliyeuliza hunyamaza kidogo, kisha huniuliza ni wapi anapoweza kupima na yeye.

Naomba niseme wazi kuhusu chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitaani. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuendesha. Utakwenda chooni sana, mzani utashuka, lakini kilichotoka ni maji na kinyesi, mafuta yako yapo pale pale. Ukizitumia muda mrefu unapoteza madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Vidonge visivyoeleweka ndani vina nini ni hatari zaidi. Na wewe unayetumia dawa za sukari, insulini hasa, au una ujauzito, usianze kupunguza chakula wala kufunga bila kuongea na daktari wako, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla, na mjamzito ana mahitaji ya watu wawili.

Miezi mitatu ya kwanza nilipungua kilo tano. Presha ilikuwa imeshuka kiasi cha daktari kusema tuendelee bila dawa. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kufika kilo 14, na kasi hiyo naiona ni nzuri. Wanaoshauri mambo haya husema nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo salama, na mimi nilikuwa chini ya hapo muda mwingi. Mara ya mwisho presha ilisoma 126 kwa 80, sukari 5.5. Mama mkwe naye kapungua bila kukusudia, na sasa anakwenda gengeni mwenyewe asubuhi badala ya kumtuma mtoto.

Nina kilo 77, na ile hesabu ya daktari inanipa 30 na kidogo, kwa hiyo kazi ipo. Kiuno kimefika inchi 38, nataka kivuke chini ya 35. Nimeanza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, maana anayepungua kwa kutembea na kula tu hupoteza na misuli: nachuchumaa na kusimama nikiwa nimeshika kiti, nasukuma ukuta, na nainua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Mtoto wa darasa la pili ndiye anayehesabu.